Mtani Aliyeniandika Marehemu

Tunu mwanangu,

Mimi ni mzima. Shuleni tulifundishwa kuanza barua hivyo, na nimeyaandika maneno hayo maisha yangu yote bila kuyafikiria. Leo nayaandika kwa kuwa wapo wanaoyapinga, na mmoja wao atakuja na gari alfajiri kukupeleka Chalinze ukapande basi la Tabora.

Begi lako nimeliona pale mlangoni. Sitakuambia uchemshe maji ya Urambo, wala uwe mwangalifu na watu wa nyumba ya kupanga, wala usiende kazini bila kula. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na tumbo lako. Nina jambo moja tu, na nina hasira nalo, kwa hiyo nivumilie likitoka vibaya. Jioni ulipoona naugusagusa wali uliniuliza mbona sili, nikasema nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimetoka kusikia maneno yako yakisomwa kwa sauti mbele ya meneja wetu.

Nianzie mbali kidogo, kwa baba yako. Ulikuwa kidato cha pili alipofariki, na shangazi zako walikuweka chumbani na wasichana wenzako, kwa hiyo huenda huukumbuki msiba wote. Ila Maganga unamkumbuka. Nani asiyemkumbuka? Sisi Wazaramo, yeye Mnyamwezi, utani wetu umeanza tangu babu zake walipokuwa wakishuka na mizigo vichwani mpaka hapa Bagamoyo, na kwenye msiba mtani ana kazi yake. Alivaa kanzu ya baba yako na kofia yake, akapanda ile baiskeli yake, akawa anazunguka uani huku akikohoa kikohozi kilekile na kudai chai. "Mama Tunu, chai yangu iko wapi? Mnataka kunizika na njaa?" Mimi nilikuwa ndani, nimejifunika kanga, wanawake wamenizunguka. Nilicheka, Tunu. Niliiuma kanga wasinisikie, lakini nilicheka mpaka mbavu zikauma, na baada ya kicheko ndipo machozi yalipopata njia. Tangu usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa mkavu kama gogo. Namshukuru kwa jambo lile hata sasa, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Nikaingia eda. Ofisini walinipa ruhusa, tena kwa moyo mweupe, na aliyeishughulikia ruhusa hiyo ni Maganga mwenyewe kwa kuwa ndiye aliyekuwa afisa utumishi wa wakala wa serikali tunaoufanyia kazi. Kazi yake ndiyo unayokwenda kuianza Urambo, wewe sasa unaijua kuliko mimi. Kila mwezi mwajiri anapaswa kupeleka taarifa kwenye mfuko wa pensheni: nani ameajiriwa, nani ameacha kazi, nani amehamishwa, nani amefariki. Sheria imemtwika mwajiri mzigo huo, si mtumishi. Mimi ni mkaguzi wa nyama. Mimi nakata maini na mapafu kule machinjioni, nyama nzuri naipiga mhuri, mbaya naimwagia mafuta ya taa ikafukiwe. Habari zangu mwenyewe zilikuwa zinakwenda mfuko kwa mkono wa mtu mwingine, na nilikuwa naona raha kwamba mkono huo ulikuwa wa Maganga. Mwezi ule, badala ya kuonyesha kwamba niko ruhusa kwa sababu ya msiba, alionyesha kwamba aliyekufa ni mimi.

Hilo ni kosa, basi. Nakuapia sina kinyongo nalo. Mtu ana majina mengi mbele yake, siku ya mwisho ya kupeleka taarifa imefika, kiyoyozi kimeharibika, simu inaita. Mimi mwenyewe niliwahi kuipiga mhuri nyama iliyokuwa na minyoo kule Mkange, kwenye harusi, kwa sababu mwenye shughuli alikuwa ananiharakisha, na tulilazimika kukimbilia sufuria kabla watu hawajapakuliwa. Nilipata aibu mbele ya wakwe wa watu. Lakini nilikimbilia sufuria.

Maganga hakukimbia. Amekiri leo, mbele ya watu, kwamba alijua hata kabla sijatoka eda. Watu wa mfuko walimtumia ujumbe wakitaka majina ya warithi wangu, akashtuka, akaona alichokifanya. Kusahihisha kulitaka aende kwa meneja, waeleze kwa maandishi kosa lilikuwa la nani, na yeye wakati ule alikuwa anasubiri kupandishwa cheo. Akaona asubiri kwanza cheo kipite. Cheo kikapita. Akaona basi, hadi hapo alipofikia, kulifufua jambo lenyewe ni kujitafutia balaa.

Sasa sikiliza alivyoishi nalo. Siku niliyorudi kazini nilikuwa naogopa. Unajua wajane tunavyoangaliwa, kila mtu anakusemesha kwa sauti ya chini kama umeugua. Nikafungua mlango wa ofisi, Maganga akasimama, akajishika kichwa, akawaita wenzake wote: "Njooni muone, marehemu amerudi!" Ofisi nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nikamjibu hapohapo kwamba nimerudi kumchukua yeye, kaburini kumekosekana mtumwa wa kunichotea maji. Wakazidi kucheka. Nikavuta kiti nikakaa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikajiona mtu kati ya watu.

Jina likanikaa. Marehemu, chai ipo. Marehemu, gari la machinjioni linaondoka. Dereva, katibu muhtasi, hata vijana wa mazoezi kutoka chuoni waliniita hivyo kwa adabu, Shikamoo Marehemu, nami naitikia marahaba. Kuna siku Maganga aliniambia mbele ya wote, "Wewe kule mfuko ulishakufa zamani, unafanya kazi ya bure." Nikamwambia najua, tena usiku nitakuja kumkaba. Na nyumbani kwetu aliurudia utani huo mara nyingi, nami nikamjibu vilevile. Tunu, nililipenda jina lile. Nilihisi nusu yangu imekwenda na baba yako na hakuna anayethubutu kusema, na huyu mtu analisema kila asubuhi na watu wanacheka, na dunia inaendelea. Nilifikiri ananifanyia hisani. Kumbe alikuwa anajitua mzigo kila siku, kidogo kidogo, anaupakia mgongoni kwangu.

Na wewe hukulipenda. Usifikiri nimesahau. Alikuja nyumbani na samaki, akaniita hivyo uani, ukaingia chumbani ukalia. Nilipokufuata ukaniambia, "Mama, mimi nimebaki na wewe tu. Asikuite hivyo." Nikakusuta. Nikakwambia huo ni utani, usiwe mshamba, mtu mzima hakasirikiwi kwa utani, toka nje umpe shikamoo. Ukatoka, ukampa shikamoo, macho mekundu. Baada ya hapo ukajifunza kucheka kama sisi. Nimekuwa nikiirudia siku hiyo kichwani tangu mchana. Ulikuwa mtoto na masikio yako yalisikia sawasawa, mimi ndiye niliyeyafunga.

Mengine unayajua nusu, maana sikukueleza yote. Nilipokaribia kustaafu nilikwenda Kibaha, ofisi ya mfuko, kuuliza maandalizi. Binti wa dirishani, mpole, ana umri kama wako, akatazama kompyuta yake, akanitazama, akatazama tena. Akaniomba kitambulisho. Kisha akasema kwa sauti ya kuniombea radhi, "Mama, hapa unaonekana ulifariki." Mimi nikacheka! Nikamwambia, na wewe ni Mnyamwezi? Hakucheka. Alikuwa Mhaya, hana utani na mimi, na uso wake ulikuwa na huruma. Makato yangu nilikuwa nayaona kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara, nikaridhika. Yalikuwa yakifika, yanawekwa kando kwa kukosa mwenyewe aliye hai. Kwa hesabu ya mfuko, utumishi wangu uliishia kwenye msiba wa baba yako. Miaka yote iliyofuata, miaka niliyoamka gizani kwenda machinjioni ili wewe usome, haimo.

Nilimfuata Maganga ofisini kwake siku ileile. Niliamini atashtuka. Nilishapanga hata maneno ya kumtuliza, unaona ujinga wangu? Hakushtuka. Aliniambia nikae, akafunga mlango.

"Mama Tunu," akasema, "mbona nilikuambia?"

Nikamwambia alikuwa ananitania.

"Nilikuambia. Kucheka ulicheka mwenyewe."

Sijawahi kupigwa kofi na mwanamume, baba yako Mungu amrehemu hakuwa mtu wa hivyo, lakini nadhani ndivyo linavyokuwa. Uso ulipata moto upande mmoja. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kulipanga jibu lake siku nyingi na anafurahi kwamba hatimaye limepata kazi.

Nikamweleza mjomba wako Omari. Nilitegemea kaka yangu atasimama na mimi. Akasema mtani hashtakiwi, ukimpeleka mtani mbele ya wakubwa utakuwa umeuvunja utani na watu watatucheka kuanzia Makurunge mpaka Kaole. Akasema nizungumze naye taratibu. Nilizungumza taratibu wiki nzima. Maganga alikuwa anakubali kila kitu ila kuandika. Kumbe na yeye alikuwa na maandishi yake anayatafuta.

Leo ndiyo tuliitwa kwa meneja. Mwanasheria wa wakala alikuwepo, kijana mwenye suti, amefungua kitabu cha sheria mbele yake. Alieleza vizuri, sitamsingizia. Alisema ni kweli sheria inamtaka mwajiri apeleke taarifa sahihi na asahihishe akijua amekosea. Lakini, akasema, mtumishi akiambiwa taarifa zake zina kosa, naye akanyamaza, basi wakala una haki ya kusema kosa la kuendelea ni lake, na mfuko unaweza kuuliza kwa nini alinyamaza, alikuwa anaficha nini. Yaani mimi, Tunu. Mimi nilikuwa nimejificha ndani ya kifo changu mwenyewe.

Maganga akasimama akasema aliniambia kwa mdomo, mara nyingi, mbele ya mashahidi. Akaitwa katibu muhtasi: ni kweli, alisikia. Akaitwa dereva: ni kweli, alisikia, na mama alijibu kwamba anajua. Hawakusema uongo hata chembe. Waliinamisha vichwa, lakini walisema kweli. Nikataka kusema kwamba ulikuwa utani, na nikaona namna litakavyosikika mbele ya yule kijana wa suti, mama mtu mzima ameambiwa amekufa akafikiri ni mchezo. Nikalisema hata hivyo. Mwanasheria akaandika kitu, akasema kuna maelezo mengine yamepokelewa, kutoka kwa mtu wa familia, tena mtu anayekwenda kuajiriwa kama afisa utumishi, anayeelewa uzito wa taarifa.

Akasoma. "Mimi, nikiwa mtoto wa pekee wa mama yangu mzazi." Nilikutambua hapohapo, kabla hajafika kwenye jina. Hakuna mwingine anayesema mama yangu mzazi, kana kwamba yuko mwingine. Ukaeleza kwamba ulimsikia Bwana Maganga mara kwa mara, nyumbani kwetu, akimwambia mama kwamba kwenye kumbukumbu za mfuko anasomeka amefariki. Kwamba mama alijibu kuwa anajua. Saini yako.

Najua alikuja wiki iliyopita nikiwa kazini, ulinisimulia mwenyewe kwamba alileta begi la safari na kwamba dada yake wa Urambo ameshakuandalia chumba. Hukunisimulia kwamba aliondoka na karatasi. Njia nzima kutoka ofisini mpaka hapa Nianjema nilikuwa wakili wako. Nilijiambia alikudanganya, alisema ni ya kumsaidia mama mambo yaende haraka. Nilijiambia ndiye aliyekaa na wewe usiku kucha kujaza maombi ya kazi, ndiye aliyekufundisha kujibu maswali ya usaili, ungemkataliaje? Kisha nikafika, ukanipokea mkoba, ukaniuliza habari za kazi, na ukaangalia pembeni. Hapo wakili akaishiwa maneno.

Imeniuma. Nataka ulijue hilo kabla hujaondoka, nisije nikawa nacheka nawe kwenye simu huku moyo unanichoma, maana nimeona kicheko kinavyoweza kutumika. Maganga amenisaliti, naweza kumchukia nikalala. Wewe siwezi kukuchukia na siwezi kulala.

Kesho kutwa utakuwa Urambo, katikati ya watani. Watakuita mtumwa wao, watakuuliza bei yako, watakwambia Wazaramo mnajua ngoma tu. Cheka nao. Usiingie kule na sura niliyonayo mimi leo, utani ni mzuri na wengi wanaufanya kwa moyo safi. Nawe utakapokalia kiti kama cha Maganga, na majina ya watu mbele yako, siku moja utakosea. Utamhamisha ambaye hajahama, au utamwua aliye hai. Hofu itakushika, nawe una elimu, una maneno, utaona njia nyingi za kulisema jambo bila kulisema. Mfuate mtu huyo machinjioni, shambani, popote alipo, umwambie ukiwa umesimama mbele yake bila kutabasamu. Nakwambia hivi si kwa sababu mimi ni mwema. Nakwambia kwa sababu nimekuwa upande wa pili.

Sasa la kesho. Maganga atafika na gari saa kumi na moja. Ofisi yetu inafunguliwa saa moja na nusu, na mwanasheria atakuwepo, nimemwuliza. Siku hizi mabasi ya usiku yapo, na kuripoti kwako ni Jumatatu, muda unatosha. Sikutumi useme uongo, wala sitaki ufute hata neno moja uliloliandika, yote ni kweli. Nataka uongeze uliyoyaacha: kwamba aliyasema akicheka, mbele ya watu, kwa mtani wake, aliyetoka eda. Kwamba siku ya kwanza ulilia, na mama akakwambia ni utani, na alikuwa anaamini hivyo kwa sababu angeamini nini kingine? Ukiyaongeza hayo, mfuko utajua kwa nini nilinyamaza. Usipoyaongeza, nitastaafu kama mtu aliyefanya kazi mpaka mumewe alipokufa, basi.

Najua unachokipoteza. Chumba cha dada yake hutakipata. Mtu aliyekushika mkono mpaka ukaajiriwa hatakusalimu tena. Utaanza kazi ugenini peke yako, ukilala nyumba ya wageni mpaka mshahara wa kwanza. Si jambo dogo, na mimi sina cha kukupa badala yake.

Ukiamua kwenda naye, nenda. Chai ipo kwenye chupa, maandazi yamefunikwa kwenye hotpoti. Nitaisikia honi, nitausikia mlango, nami sitatoka kukulaumu barazani mbele ya majirani.

Tangu chekechea mimi ndiye nimekuamsha, Tunu. Shule, mitihani, usaili, hata siku ya kumzika baba yako nilikuamsha mimi. Kesho sitakuamsha.

Mama yako,
Mwantumu